Kapasita ya Utando: Istilahi za Uvumbuzi na Utengenezaji Wake

kapasita ya utando nm [i-/zi-] kifaa cha umeme kinachohifadhi chaji kati ya tabaka mbili nyembamba za metali zilizotenganishwa na utando wa plastiki, ambazo aghalabu huviringishwa pamoja hadi zikawa roli. *Wingi:* kapasita za utando. *Uga:* umeme, elektroniki, uhandisi.

Kapasita ya utando imo katika feni ya dari, katika pampu ya maji ya kisimani, katika mashine ya kufulia na katika taa nyingi za kisasa. Jina la kifaa linafahamika kwa kila fundi. Hata hivyo, matini zinazoeleza undani wake, yaani hati za hataza, vitabu vya mafunzo na maelekezo ya usalama, bado ni chache kwa Kiswahili, na mtafsiri anayezikabili hujikuta akiunda maneno papo kwa papo.

Makala hii inafuata hatua kuu za uvumbuzi wa kifaa hiki na kupendekeza istilahi kwa kila hatua. Hoja yake ni kwamba historia ya kapasita ni historia ya vitendo: kuloweka, kuviringisha, kupaka, kunyunyizia, kuunguza. Mtafsiri anayekipata kitenzi sawasawa huipata nomino bila taabu. Anayeanza na nomino ya kigeni na kuitafutia umbo la Kiswahili huweza kuandika sentensi sanifu ambayo fundi hawezi kuitekeleza, na penye umeme sentensi ya namna hiyo inaweza kumdhuru mtu.

## 1. Kapasita au kondensa?

Chombo cha kwanza cha kuhifadhi chaji kilikuwa chupa. Ewald Georg von Kleist huko Pomerania mwaka 1745, na Pieter van Musschenbroek katika mji wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1746, waligundua, kila mmoja kwa njia yake, kwamba chupa ya kioo inaweza kushika chaji na kuitoa kwa kishindo. Baadaye, mwaka 1782, Mwitalia Alessandro Volta alikiita chombo cha aina hiyo *condensatore*, kwa dhana kwamba umeme ndani yake "husongamanishwa" kama mvuke unaogeuzwa maji. Jina hilo lilienea Ulaya nzima, kisha katika lugha kadhaa likaachwa polepole na nafasi yake kuchukuliwa na jina linalotokana na dhana ya ujazo.

Kiswahili kimepokea majina yote mawili. Mafundi wa magari ya zamani huita *kondensa* kile kikopo kidogo kinachokaa kando ya pointi katika mfumo wa kuwashia injini, ilhali mafundi wa feni na pampu husema *kapasita*. Tatizo hujitokeza kwenye jokofu na kiyoyozi. Humo, *kondensa* ni sehemu inayopooza gesi hadi ikawa kimiminika, na *kapasita* ni kifaa kinachosaidia mota ya kompresa. Maneno yote mawili huweza kutokea katika aya moja, tena katika sentensi moja:

*Kabla ya kusafisha kondensa, zima umeme na uondoe chaji iliyobaki katika kapasita.*

Kwa sababu hiyo inafaa kutumia *kapasita* kwa kifaa cha umeme na kuliacha *kondensa* kwa mitambo ya kupooza. Panapohitajika kunukuu usemi wa fundi wa magari, *kondensa* liwekwe ndani ya alama za mtajo.

Kiasi cha chaji ambacho kifaa huweza kushika kwa kila volti huitwa *kapasitansi*. Kizio chake ni *faradi*, kwa heshima ya Mwingereza Michael Faraday. Faradi moja ni kubwa mno kwa matumizi ya nyumbani, hivyo vipimo vinavyoonekana sana ni *mikrofaradi* (sehemu moja ya milioni), *nanofaradi* na *pikofaradi*. Neno *uwezo* peke yake halitoshi kuwa kisawe cha kapasitansi, kwa kuwa hutumika pia kwa nguvu ya mashine na kwa ukubwa wa betri. Vilevile kapasita haifai kuitwa "betri ndogo". Betri huzalisha umeme kwa mabadiliko ya kikemia, ilhali kapasita hushika tu chaji iliyopewa na huweza kuiachia yote kwa mara moja.

## 2. Utando, filamu, karatasi na foili

Kati ya elektrodi mbili lazima pawepo kitu kisichopitisha umeme. Kitu hicho kwa jumla ni *kihami*, na katika fizikia ya kapasita huitwa pia *dielektriki*. Katika chupa za Leiden kilikuwa kioo. Mwaka 1876 D. G. Fitzgerald alipata hataza nchini Uingereza kwa kapasita ya karatasi iliyolowekwa katika nta na kuwekwa kati ya foili za metali. Karatasi ni nyembamba kuliko kioo na hupinda bila kuvunjika, na hapo ndipo umbo la roli lilipowezekana. Kwa zaidi ya nusu karne karatasi ilitawala.

Plastiki ilikuja baadaye. Poliesta inayotumika katika kapasita ilivumbuliwa na J. R. Whinfield na J. T. Dickson nchini Uingereza mwaka 1941. Mwaka 1954 Giulio Natta, akiwa Milan, alipata polipropilini yenye molekuli zilizopangika vizuri, kazi iliyochangia yeye na Mjerumani Karl Ziegler kupewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1963. Polipropilini hupoteza nishati kidogo sana kwa njia ya joto, na ndiyo maana leo kapasita nyingi za mota na za mitambo ya umeme mkubwa hutengenezwa kwayo.

Je, ukanda huo mwembamba wa plastiki uitwe *filamu* au *utando*? Kwa msomaji wa kawaida *filamu* ni sinema, au ule ukanda wa kamera za zamani. *Utando* ni neno pana na la kale: huutaja utando wa buibui, utando unaojitanda juu ya maziwa au uji uliopoa, na utando wa jicho. Maana ya msingi katika yote hayo ni kitu chembamba kilichotanda juu ya eneo, na ndiyo hasa inayohitajika hapa. Makala hii inachukua *utando*, wala haiwakosoi wanaoandika *filamu* mradi wawe na msimamo mmoja katika matini nzima.

Tanbihi mbili za kisarufi zinahitajika. Kwanza, *utando* ni nomino ya ngeli ya U-/ZI-, wingi wake *tando*, lakini katika jina la kifaa hutaja mali inayotumika na hivyo hubaki katika umoja: *kapasita za utando*, kama isemwavyo *meza za mbao* au *vikapu vya ukili*. *Tando* hutumika pale zinapohesabiwa: *tando mbili zilizopishana*. Pili, *utando* ni tofauti na *foili*. Foili ni metali tupu iliyofuliwa ikawa nyembamba, kama ile ya jikoni ya kufunikia chakula, na hupitisha umeme. Utando wa plastiki huuzuia. Kuyabadilisha maneno hayo katika matini ya utengenezaji ni sawa na kubadilisha ukuta na mlango.

Utando wenyewe huandaliwa kwa kuyeyusha plastiki, kuipitisha katika upenyo mwembamba, kisha *kuitanua* kwa urefu na kwa upana. *Kunyoosha* ni kuondoa kupinda, na *kuvuta* hakusemi lolote juu ya upana. *Utando uliotanuliwa pande mbili* ni maelezo marefu kidogo, lakini hayana utata.

## 3. Kwa nini kuviringisha, na kwa kitenzi kipi?

Hesabu ndogo inaeleza sababu ya umbo la roli. Kapasitansi huongezeka eneo la elektrodi linapoongezeka, na pia umbali kati ya elektrodi unapopungua. Chupa ya Leiden yenye ukubwa wa painti moja ilikuwa na takriban nanofaradi 1. Kapasita ya feni yenye mikrofaradi 2.5 ni sawa na chupa 2,500 za namna hiyo. Kwa utando wa polipropilini wenye unene wa mikrometa 6, kapasitansi hiyo inahitaji utando wa eneo la takriban mita za mraba 0.77. Ukikatwa kanda mbili zenye upana wa sentimita 3, kila ukanda utakuwa na urefu wa karibu mita 13. Mita hizo 13 haziwezi kukaa ndani ya kikombe cha feni isipokuwa zimeviringishwa.

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vinavyokaribiana na kitendo hiki, na kila kimoja kina mpaka wake.

Kukunja. Mkeka na jamvi *hukunjwa*, hata pale vinapofanywa kuwa roli. Lakini karatasi au nguo inayokunjwa hubaki na alama ya mkunjo. Katika utando wa mikrometa chache, mkunjo ni dosari, kwa kuwa hewa hunaswa hapo na umeme hupenya. Kitenzi kinachoweza kutaja kazi nzuri na dosari yake hakifai kuwa istilahi.

Kuvingirisha. Hiki ni kusukuma kitu kiende kwa kubiringika, kama pipa au gogo. Kapasita haiendi popote inapotengenezwa. Wanafunzi wengi hukichanganya kitenzi hiki na kinachofuata kwa sababu ya sauti zilizobadilishana nafasi.

Kuviringisha. Ni kufanya kitu kiwe cha mviringo kwa kukizungushia juu yake chenyewe au juu ya mhimili. Hiki ndicho kinachotakiwa: *Kanda mbili huviringishwa pamoja juu ya mhimili.*

Kusuka. Mafundi husema *kusuka mota* kwa maana ya kuzungushia upya nyaya zilizoungua. Ni msemo hai na wenye picha nzuri, kwani waya hupita na kurudi katika mifereji ya chuma kama ukindu unaosukwa. Kwa kapasita haufai. Hakuna kupishanisha kwa namna ya kusuka, na fundi anayesoma *kapasita iliyosukwa* atatafuta waya usiokuwapo.

Zipo pia kapasita ambazo kanda zake huzungushiwa juu ya gurudumu kubwa, kisha pete inayopatikana hukatwa kwa msumeno ikawa vipande vidogo vya tabaka zilizolala. Kifaa cha mwisho si roli tena. Kiitwe *kapasita ya tabaka*, na kitenzi *kuzungushia* kitumike kwa hatua ya gurudumu ili msomaji asidhani kwamba aina mbili zimechanganywa.

## 4. Kupaka metali

Kapasita za mwanzo zilitumia foili iliyojitegemea. Mwaka 1900 G. F. Mansbridge alipata hataza nchini Uingereza kwa karatasi iliyopakwa chembechembe za metali zilizochanganywa na gundi. Foili na karatasi zikawa kitu kimoja, na kifaa kikapungua ukubwa. Baadaye, nchini Ujerumani, kampuni ya Bosch iliendeleza njia ya kuyeyusha metali ndani ya *ombwe* hadi ikawa mvuke, na mvuke huo kuganda juu ya karatasi. Mwaka 1954, huko Marekani, maabara za Bell zilifanikiwa kutengeneza utando wa vanishi wenye unene wa mikrometa 2.5, uliopakwa metali na kutengwa na karatasi iliyoubeba. Tangu hapo karatasi ilianza kuondoka.

Tabaka la metali linalopatikana kwa njia ya mvuke lina unene wa makumi ya nanometa tu, mara elfu kadhaa chini ya unene wa unywele. Kitenzi cha jumla kwa kitendo hiki ni *kupaka*, lakini chenyewe huleta picha ya brashi au mkono. Palipo na haja ya usahihi iandikwe *kupaka kwa mvuke katika ombwe*. Wapo wanaoweza kuvutiwa na *kufukiza*, kitenzi cha pwani kinachotumika kwa udi na ubani. Kinakaribia kwa sababu nguo inayofukizwa hupokea kitu kutoka kwa moshi, lakini kinachobaki katika nguo ni harufu, si tabaka. Mwalimu anaweza kukitumia kama mfano darasani. Katika istilahi *kupaka kwa mvuke* kunatosha.

Kosa la kawaida zaidi ni kuandika *chuma* mahali pa *metali*. Metali zinazopakwa ni alumini, zinki au mchanganyiko wa hizo mbili. Chuma ni metali mojawapo, na hapa hakitumiki. *Epuka:* utando uliopakwa chuma. *Andika:* utando uliopakwa metali.

Upande mmoja wa ukanda huachwa bila metali kwa upana mdogo. Sehemu hiyo iitwe *ukingo mtupu*. Kazi yake ni kuzuia elektrodi mbili zisikutane mwishoni mwa roli, na hatua inayofuata haieleweki bila hiyo.

## 5. Kunyunyizia ncha

Umeme utaingiaje katika tabaka la makumi ya nanometa lililozungushwa mamia ya mara? Hapo zamani vipande vya metali vilichomekwa kati ya foili wakati wa kuviringisha, na mkondo ukalazimika kusafiri urefu wote wa ukanda. Njia ndefu na ya mviringo hukifanya kifaa kuwa na tabia ya koili, hali inayopunguza manufaa yake katika masafa ya juu.

Suluhisho lilikuwa kuviringisha kanda mbili zikiwa *zimepishana* kidogo, huu ukichomoza kulia na ule kushoto, kisha kunyunyizia metali iliyoyeyuka juu ya kila ncha ya roli. Mkondo huingia kwa mizunguko yote kwa pamoja, na njia yake haizidi upana wa ukanda. Njia ya kunyunyizia metali ilivumbuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Mswisi Max Ulrich Schoop, na lugha kadhaa za Ulaya zimelifanya jina lake kuwa jina la kitendo chenyewe. Kiswahili hakina haja ya kuazima jina hilo. *Kunyunyizia metali nchani* kunaeleza kazi ilivyo, na kauli ya kutendea katika *kunyunyizia* inaonyesha kwamba kipo kinachonyunyiziwa. Tofauti hii ni muhimu: *zinki hunyunyizwa*, bali *ncha hunyunyiziwa zinki*.

## 6. Kujiponya, na kovu lake

Uvumbuzi uliobadilisha zaidi umri wa kapasita ni matokeo ya wembamba wa metali. Katika kapasita ya foili, sehemu dhaifu ya kihami inapotobolewa na umeme, elektrodi mbili hugusana na kifaa hupiga shoti. Katika kapasita ya utando uliopakwa metali, cheche inayozuka kwenye tundu huigeuza metali iliyolizunguka kuwa mvuke kwa muda mfupi mno. Tundu hubaki, lakini pembeni mwake hapana tena elektrodi, na kifaa huendelea na kazi. Hali hii inafaa kuitwa *kujiponya*.

Neno hilo ni zuri lakini linahitaji tahadhari. Mgonjwa aliyepona husemwa amerudi alivyokuwa. Kapasita iliyojiponya hairudi ilivyokuwa: kila tukio huondoa sehemu ndogo ya eneo la elektrodi, na kapasitansi hupungua kidogo kidogo. Ni jeraha lililoacha *kovu*. Feni inayozunguka kwa uvivu, au isiyoanza bila kusukumwa kwa mkono, mara nyingi ina kapasita yenye makovu mengi ambayo haijawahi kupiga shoti hata mara moja. Matini inayosema *kapasita hujiponya na kuwa kama mpya* inampotosha msomaji. Iandikwe: *kapasita hujiponya na kuendelea kufanya kazi, ingawa kapasitansi yake hupungua.*

Wavumbuzi wa baadaye waliigawa elektrodi kuwa vipande vingi vidogo vilivyounganishwa na *vidaraja* vyembamba vya metali. Hitilafu inapozidi uwezo wa kujiponya, kidaraja huungua kama fyuzi na kipande kilichoharibika hutengwa. Elektrodi ya namna hiyo iitwe *elektrodi ya vipande*.

Katika usemi wa mafundi, *kapasita imekufa* hujumuisha hali tatu: imepiga shoti, imekatika ndani, au imepungua kapasitansi. Katika mazungumzo msemo huo hauna ubaya. Katika ripoti ya ukaguzi au kitabu cha mafunzo lazima hali itajwe, kwa sababu kila moja hupimwa kwa njia yake. Aidha, *kupiga shoti* limekwisha kukubalika na kueleweka kote, na halina haja ya kubadilishwa na *mzunguko mfupi*, ambalo msomaji huweza kulidhania safari fupi ya kuzunguka.

## 7. Lugha ya hataza

*Hataza* ni haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini kwa muda maalumu. Sehemu yenye uzito zaidi katika hati yake ni *madai*, yaani orodha ya sentensi zinazoweka mpaka wa kile kinacholindwa. Katika madai, neno dogo huhamisha mpaka.

Linganisha sentensi hizi mbili:

*(a) Kapasita yenye, miongoni mwa vitu vingine, utando wa polipropilini na tabaka la zinki.*

*(b) Kapasita iliyoundwa kwa utando wa polipropilini na tabaka la zinki pekee.*

Dai la (a) linaifunika hata kapasita ya mshindani aliyeongeza tabaka la alumini. Dai la (b) haliifuniki. Lugha za kisheria zina semi maalumu za kutofautisha orodha iliyo wazi na orodha iliyofungwa. Kivumishi *-enye* cha Kiswahili hakitoi tofauti hiyo bila msaada. Mtafsiri aamue mapema semi mbili, moja ya wazi na moja ya kufunga, na azirudie bila kubadilisha kutoka dai la kwanza hadi la mwisho. Urembo wa kubadili maneno, unaosifiwa katika insha, huvuruga hataza. Neno *roli* likishatumika katika dai la kwanza, lisigeuzwe *bunda* katika dai la tano, kwa kuwa msomaji wa sheria atauliza ni kitu gani kipya kimetajwa.

## 8. Lugha ya usalama

Sehemu hii inawahusu hasa watafsiri wa maelekezo ya matumizi.

Kuzima na kuondoa chaji. Kapasita *haizimwi*. Kinachozimwa ni chanzo cha umeme, na chaji huweza kubaki ndani ya kapasita baada ya swichi kuzimwa na hata baada ya waya kuchomolewa. *Epuka:* Hakikisha kapasita imezimwa kabla ya kuigusa. *Andika:* Zima na utenganishe umeme, kisha uondoe chaji iliyobaki katika kapasita kabla ya kuigusa. Sentensi ya kwanza haina kosa la kisarufi, na huo ndio ubaya wake, kwani mhariri asiyejua umeme ataipitisha.

Kuanzishia na kuendeshea. Mota za awamu moja huweza kuwa na kapasita mbili. *Kapasita ya kuanzishia* hufanya kazi kwa sekunde chache tu, nayo kwa kawaida si ya utando. *Kapasita ya kuendeshea* hukaa katika umeme muda wote mota inapozunguka, na ndiyo ya utando. Ya kwanza ikiwekwa mahali pa pili hupata joto na huweza kupasuka. Kauli ya kutendea inaonyesha hapa kazi ya kifaa, kama katika *kisu cha kukatia*. *Kapasita ya kuanza* na *kapasita ya kuendesha* hazisemi nani anayeanza wala nani anayeendesha.

Vipimo kwenye lebo. Watengenezaji wengine huandika MFD kwa maana ya mikrofaradi. Herufi M hapo isisomwe kuwa *mega*. Lebo kutoka bara la Ulaya huweza kutumia mkato badala ya nukta: 2,5 ni mbili nukta tano. Fundi aliyesoma 25 atafunga kapasita iliyozidi mara kumi. Alama ya wimbi baada ya V humaanisha *mkondo geu*.

Madaraja X na Y. Kapasita zinazounganishwa na umeme wa nyumba ili kuzuia mwingiliano wa mawimbi hupewa madaraja X na Y. Ya daraja Y hukaa kati ya waya wenye umeme na sehemu ambayo mtu huweza kuigusa, hivyo ikipiga shoti huweza kumpiga mtu. Herufi hizi hazitafsiriwi wala hazibadilishani nafasi.

PCB. Kifupi hiki kina maana mbili zisizohusiana. Katika elektroniki hutaja bodi yenye njia za umeme zilizochapwa. Katika kapasita za zamani hutaja mafuta yenye sumu yaliyotumika tangu miaka ya 1930 kuloweka roli ndani ya kopo, na ambayo utengenezaji wake ulipigwa marufuku Marekani mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, ulilenga vifaa vyenye mafuta hayo viondolewe katika matumizi kufikia mwaka 2025 na taka zake zishughulikiwe kwa usalama kufikia mwaka 2028. Onyo lililosema *usifungue kopo lenye PCB* likitafsiriwa *usifungue kopo lenye bodi* hugeuza tahadhari ya sumu kuwa shauri la kutunza vifaa. Iandikwe *mafuta yenye PCB*, na *bodi ya saketi* kwa ile maana nyingine.

## 9. Muhtasari wa istilahi

dielektriki [i-/zi-] kihami kilicho kati ya elektrodi mbili za kapasita.

elektrodi ya vipande [i-/zi-] tabaka la metali lililogawanywa vipande vilivyounganishwa na vidaraja.

kapasita ya kuendeshea [i-/zi-] kapasita inayobaki katika saketi muda wote mota inapozunguka.

kapasita ya tabaka [i-/zi-] kapasita iliyokatwa kutoka katika pete ya kanda zilizozungushiwa gurudumu.

kujiponya [ku-] hali ya kapasita kutenga sehemu iliyotoboka kwa kuunguza metali iliyoizunguka.

kuondoa chaji [ku-] kuifanya kapasita isibaki na umeme ndani yake.

kupaka kwa mvuke [ku-] kugandisha mvuke wa metali juu ya utando ndani ya ombwe.

kuviringisha *kt* kuzungushia kanda juu ya mhimili hadi zikawa roli.

ukingo mtupu [u-] sehemu ya pembeni ya ukanda iliyoachwa bila metali.

utando uliopakwa metali [u-/zi-] utando wa plastiki wenye tabaka la metali lililoshikamana nao.

*Tazama pia:* betri, foili, fyuzi, hataza, kihami, koili, mota, ombwe, shoti.